Kapiteni kutoka Kayanza

Mimi waongo siwapendi. Naanza na hilo ili msije mkasema sikusema. Na Mungu naye ana mambo yake: mwongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuwaona alikuwa analala kwenye chumba changu cha uani, anakula ugali wangu, na amemuoa mdogo wangu wa pekee.

Jina lake Nduwayo. Mrundi, kama sisi. Mimi na mdogo wangu Claudette tumezaliwa Buyenzi, Bujumbura. Tulikuja Kigali tungali wasichana, kwa shangazi, na shangazi alipofariki mgahawa wake wa Nyamirambo ukabaki mikononi mwangu: maharage, ndizi, sambusa, chai ya maziwa, na siku ya Ijumaa pilau kwa ajili ya Waislamu wa Biryogo wanaotoka msikitini. Nduwayo alitokea mwaka wa themanini na nane, akiwa na begi na mdomo. Begi lilikuwa dogo.

Watu wa Kigali nao wana yao. Ukiwaambia umetoka Burundi, wao wanaona Ziwa Tanganyika tu. Hawajui kama Burundi kuna milima, kuna mashamba, kuna watu wanaozaliwa na kuzeeka bila kuona samaki mzima. Kwao kila Mrundi alizaliwa ndani ya mtumbwi. Mimi nimekulia mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ziwani na sikuwahi kukanyaga chombo hata siku moja. Mama yetu alikuwa anasema maji ni ya kuogea na kupikia, basi. Nilipowaeleza wateja hivyo walinitazama kwa huruma, kana kwamba nimewaambia sikusoma. Nduwayo yeye hakuwaeleza kitu. Aliwaangalia, akaona wanataka kusikia nini, akawapa.

Alianza na ndagara, wale dagaa wa kwetu. Akiwekewa sahani, anachukua mmoja kwa vidole viwili, anamgeuzageuza penye mwanga, anasema, "Huyu kavuliwa siku hakuna mwezi." Wateja wanaacha kutafuna. Kutoka ndagara akaenda kwenye mawimbi, kutoka mawimbi akafika kwenye dhoruba ya Rumonge iliyozamisha mitumbwi saba, yeye peke yake akarudi amekalia ubao. Kila mwaka dhoruba ile iliongezewa mitumbwi. Siku anamuoa Claudette ilikuwa imefika kumi na miwili.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu, lakini ushahidi sikuwa nao. Nikaupata Pasaka ya mwaka wa tisini na mbili. Aliingia mgahawani mfanyabiashara mmoja wa kahawa, anaitwa Damascène, Mrundi mpita njia. Akiwa anakunywa chai akamwona Nduwayo anakatiza uani na ndoo.

"Yule si Nduwayo wa kwetu?" akauliza.

"Unamjua?"

"Tumesoma darasa moja, Kayanza."

Kayanza, jamani! Kule juu, kwenye baridi na majani ya chai, ambako maji unayoyaona ni ya kisima. Nikamuuliza habari za dhoruba ya Rumonge. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Nduwayo na ziwa wapi na wapi? Alikuwa anachunga mbuzi wa paroko. Maji mengi aliyowahi kuingia ni yale ya ubatizo, na hata hapo alilia."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mtu mwema angemwita mdogo wake pembeni siku hiyohiyo. Mimi nilimpa Damascène sambusa mbili za bure na kumwomba asimwambie mtu. Habari ile niliitunza kama watu wanavyotunza nguo ya sikukuu. Nilitaka siku nzuri, watu wawe wengi, na Nduwayo awe ameupanua mdomo wake wote. Nililala nayo miezi minne, na nililala vizuri.

Siku yenyewe ililetwa na Twagirayezu. Huyu alikuwa na baa Gisimenti, kule Remera, lakini kila Alhamisi alikuja kula maharage yangu, tumbo mbele, funguo za gari mezani ili zionekane. Mzungu mmoja aliyekuwa anaihama nchi kwa sababu ya vita alimuuzia boti ya bati gumu jeupe, yenye mashine nyuma. Mwezi wa saba serikali na waasi walipotia saini kule Arusha ya kusimamisha mapigano, watu wakaanza kupumua, na Twagirayezu akaanza kuota. Alikuwa amepata kiwanja Ziwa Muhazi. Angefungua baa ya pili: samaki wa kuchoma, bia ya Primus baridi, na Jumapili wateja wazungushwe ziwani. Alichokosa ni mtu wa kuendesha boti.

"Wewe iko mtu ya Tanganyika," akamwambia Nduwayo mbele ya mgahawa mzima. "Muhazi kwako itakuwa kama beseni."

"Patroni," Nduwayo akajibu, wala hakumeza mate, "Muhazi naivuka nimefumba macho."

"Basi Jumapili tunaijaribu. Ukinizungusha vizuri, kazi ni yako, na nyumba ni yako. Iko pale pale ziwani. Ya matofali, vyumba viwili, madirisha ya vioo."

Mimi nilikuwa nyuma ya sufuria. Nikasema moyoni, haya, imefika.

Lakini Claudette naye alisikia. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na kile chumba cha uani kilikuwa kinavuja pembe zote mbili. Chumba nilichowapa mimi, ndiyo, na sikuwatoza kodi, lakini kuvuja kilivuja. Alinifuata jikoni, macho yanang'aa.

"Dada, madirisha ya vioo."

"Nimesikia."

"Mtoto atazaliwa kwenye nyumba ina madirisha ya vioo. Nitaweka pazia la manjano. Unaonaje, la manjano?"

Msiniulize kama nilimwonea huruma. Nilimwonea. Nikamwambia manjano inachafuka haraka.

Jumamosi jioni nilimpigia pasi gauni lake la kanisani. Wakati napiga pasi nikamwambia, "Wewe na tumbo hilo usipande boti. Kaa nchi kavu utuangalie."

"Mke wa kapiteni abaki nchi kavu? Patroni atasema hata mke wake hamwamini."

Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Ningesema tu, "Claudette, mumeo ni mtu wa mbuzi," na mambo yangeishia pale, kati yetu watatu, na pasi ingekuwa bado ya moto. Nikawaza uso wa Nduwayo mbele ya mashine asiyoijua, Twagirayezu anamtazama, mkewe anamtazama, wavuvi wote wa Muhazi wanamtazama. Ule uso nilikuwa nimeungoja sana.

"Haya," nikasema, "vaa viatu vya chini."

Jumapili baada ya misa tukapanda kamyoneti ya Twagirayezu. Mbele walikaa yeye na mkewe, Mama Pudentienne, amevaa mshanana wa hariri begani kama anakwenda harusini. Nyuma tulikaa mimi, Claudette, Nduwayo, sufuria yangu ya sambusa, kreti ya Primus na viti vinne vya baa. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akachambua karatasi zetu za ugeni, akauliza Warundi tunakwenda wapi. "Mimi ni kapiteni," Nduwayo akamwambia. Yule askari akampigia saluti. Saluti, Mungu wangu! Mchunga mbuzi!

Tukapita Kabuga, na kabla ya Rwamagana tukakunja kushoto, kwenye vumbi, mpaka ziwani. Ziwa lenyewe sasa! Refu, jembamba, limejibana katikati ya milima, kiboko hakuna, mamba hakuna, na mtu wa ng'ambo akipiga chafya unaweza kumwambia pole. Nilicheka peke yangu. Nikasema hata kama huyu mpumbavu hajui kitu, hapa atatupeleka wapi tukapotee?

Sasa, ile habari ya viti. Mnyarwanda mwenye heshima zake hakai chini. Ukimkaribisha mtu mzima nyumbani kwako ukamkalisha chini kuliko wewe, umemtukana, na watu watalisema hilo mwaka mzima. Ile boti ilikuwa na vibao vya kukalia, vya chini kabisa, magoti yanafika kidevuni. Mama Pudentienne alivitazama, akatazama hariri yake, akasema yeye hawezi kuchuchumaa mbele za watu kama anayechambua maharage. Twagirayezu akamgeukia Nduwayo.

"Kapiteni, kwenu Tanganyika watu wazito munawakalisha wapi?"

"Kwenye viti, patroni. Siku zote."

Palikuwa na wavuvi watatu wanashona nyavu pale ukingoni. Waliacha kushona. Mmoja akafungua kinywa, kisha akaitazama suti ya Twagirayezu, akakifunga. Viti vinne virefu vikapangwa juu ya vibao, viwiliviwili, kama sebuleni. Cha mbele kulia patroni, kushoto mkewe, nyuma yao Claudette, na mimi kama dada mkubwa, sufuria ya sambusa miguuni. Nduwayo alipanga kwa mikono yake, anarudi nyuma, anatazama, anasogeza kidogo. Yule Mzungu alikuwa ameacha pia majaketi manne ya rangi ya machungwa, mepesi, yamejaa kitu kama sponji.

"Haya ni ya nini?" Mama Pudentienne akauliza.

"Mito ya viti, mama," kapiteni akasema, akamwekea moja alikalie.

Nami nilikalia la kwangu. Lilikuwa laini, siwezi kukataa.

Halafu mashine. Hapo ndipo nilipojiweka sawa kwenye kiti, mikono mapajani, kama mtu aliyelipia sinema. Nduwayo akavua koti. Akavuta kamba, mashine ikakohoa. Akavuta tena. Akavuta mpaka shati likamganda mgongoni. Twagirayezu akageuka mara ya kwanza, mara ya pili. "Mashine za Wazungu," Nduwayo akasema, "lazima kwanza zikuzoee." Loo! Nilijiuma shavu nisicheke. Mwisho mvuvi mmoja akaingia majini mpaka kiunoni, bila neno akafungua koki ya petroli, akarudi kwenye nyavu zake. Mashine ikawaka mvuto wa kwanza. "Mnaona," Nduwayo akasema, "imenizoea."

Mashine ile, ukisukuma mkono wake kushoto, boti inakwenda kulia. Sisi sote hatukujua, na kapiteni ndiye hakujua zaidi. Tukazunguka duara moja. Tukazunguka la pili. Tukaingia kwenye mafunjo, tukatoka na majani kichwani. Twagirayezu akauliza tunafanya nini. "Nakagua kina, patroni." Duara la tatu. Claudette akanishika mkono. Mimi nilikuwa nangoja Twagirayezu apaze sauti, na hakupaza. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, anatabasamu, maana hata yeye hakuwahi kupanda boti na hakutaka ijulikane.

Na kilichoniudhi ni kwamba Nduwayo akaanza kuweza. Ndiyo. Duara la nne halikufika. Akaupata ule mkono, akanyoosha, boti ikakata maji vizuri katikati ya ziwa, upepo mtamu, milima inapita pembeni. Mama Pudentienne akaanza kuimba wimbo wa kanisani. Twagirayezu akafungua Primus kwa meno. Claudette aliniachia mkono, akageuka kumtazama mumewe, na uso wake... mimi nimemlea yule mtoto, sikuwahi kumwona na uso ule. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Miezi minne nimeitunza siri yangu, na huyu mwongo anajifunza kazi mbele ya macho yangu!

"Nyumba ile pale," Twagirayezu akaonyesha kwa chupa. Ilikuwa kwenye kilima upande wa pili, nyekundu, bati linawaka jua. Madirisha yalionekana.

"Nimeiona," Claudette akasema. "Nimeiona, patroni."

Tulikuwa tunarudi, tumeukaribia ukingo, alipotokea Mzee Habimana. Huyu ndiye aliyemuuzia Twagirayezu kiwanja, mzee wa miaka themanini, katekista wa zamani, nusu ya watu wa ukingo ule amewafundisha sala. Alikuwa ameahidi kutuletea pombe ya ndizi, na badala ya kutungoja akaja kutupokea majini, amekaa chini ndani ya mtumbwi wake, kibuyu katikati ya magoti, binti yake anapiga kasia. Nduwayo akapunguza mashine. Mtumbwi ukaja ubavuni kwetu, upande wa kulia.

Sasa, Mnyarwanda hawezi kumsalimia mzee akiwa amekaa. Haiwezekani, atakufa kwa aibu. Unainuka, unatoa mkono wa kulia, wa kushoto unaushikiza kwenye kiwiko, unainama, unauliza za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Twagirayezu akainuka, kilo zake zote, akageukia kulia. Alipoinuka yeye, mkewe atabakije kwenye kiti? Akainuka. Claudette naye akainuka, kwa adabu tuliyomfundisha. Nduwayo akaacha mkono wa mashine, akainuka, akavua kofia. Na mimi pia niliinuka. Sitaki kusikia mtu anacheka. Nimekaa nchi hii miaka, mwili wangu ulisimama wenyewe.

"Kaeni, wanangu, kaeni!" Mzee Habimana alisema, mkono ameunyoosha.

Watu watano wamesimama katikati ya viti virefu, wote upande mmoja. Boti haikuhangaika. Ililala tu, ikatumwaga.

Yezu Maria! Maji yalikuwa ya baridi na yaliingia kila mahali. Nilikunywa, nikatoka juu, nikashika kitu, kilikuwa mguu wa kiti. Nikaona hariri ya Mama Pudentienne imetanda juu ya maji na yeye chini yake anapiga mateke. Nikaona majaketi ya machungwa yanaelea, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hayakuwa mito. Nilimtafuta Claudette. Nikaona kichwa chake, kikapotea, nikakiona tena. Nduwayo alikuwa karibu naye, anapigapiga maji kama kuku, na mkononi ameshika jaketi moja. Alilisukuma kwake. Alilisukuma lote, akamwingizia chini ya kwapa, na yeye akazama mpaka mkono mmoja tu ukabaki nje. Hilo nalisema kwa sababu nililiona. Silisemi kwa kumpenda.

Wale wavuvi watatu walikuwa wameshaingia mitumbwini kabla hatujapinduka, nadhani. Walituokota mmoja mmoja. Nduwayo walimvuta kwa ule mkono.

Nchi kavu tuliketi kwenye majani, hakuna kiti. Binti wa Mzee Habimana akamfunika Claudette kanga, akamgusa tumbo pande zote, akasema mtoto anacheza. Nikashukuru Mungu, kweli kabisa nilimshukuru. Nduwayo alitapika maji, kisha akatambaa mpaka mbele ya Twagirayezu, akapiga magoti kwenye matope.

"Patroni, nisamehe."

Na Twagirayezu, suti imemganda, kiatu kimoja hana, akaanza kucheka. Alicheka mpaka tumbo likaruka. "Nikusamehe nini? Mimi ndiye nilisimama. Mzee, si mimi ndiye nilisimama kwanza?"

"Ni wewe," Mzee Habimana akasema. "Mlisimama wote. Hakuna mtu wa kasia duniani angeizuia."

"Umesikia? Ni adabu zetu zimetuzamisha. Viti tutaacha nyumbani. Nduwayo, amka. Mwezi ujao munahamia."

Claudette akaanza kulia ndani ya kanga, kwa furaha. Mama Pudentienne akampapasa mgongo.

Basi yakanishinda. Nilikuwa nimelowa mpaka mifupa, sambusa zangu mia ziko chini ya ziwa, kilemba changu kimekwenda, nusura nife, na mwongo anapewa nyumba! Anapewa nyumba na anaambiwa amka! Sikufikiri. Nikasimama pale kwenye majani, nikapaza sauti.

"Huyu hajui kitu! Huyu ni wa Kayanza! Alikuwa anachunga mbuzi wa paroko! Hajawahi kuona ziwa, Rumonge haijui, hakuna dhoruba, hakuna kitu! Aliwakalisha kwenye viti kwa sababu hajui boti ni nini! Mimi nilijua! Nimejua tangu Pasaka!"

Wavuvi walikuwa wanakamua nguo zao. Wakaacha. Twagirayezu alikuwa bado na cheko mdomoni, likamwisha taratibu. Kuzama kwa adabu yake mwenyewe aliweza kukuchekea. Kufanywa mjinga mbele ya mzee aliyemuuzia kiwanja, hilo ni jambo lingine.

"Ni kweli?" akamuuliza Nduwayo.

Angeweza kudanganya. Miaka minne hakuna siku iliyompita bila kudanganya. Akamtazama Claudette, akamtazama patroni.

"Ni kweli, patroni."

Siku hiyo ndiyo akachagua kusema kweli!

Twagirayezu hakumtukana. Alitafuta kiatu chake, hakukiona, akaenda kwenye gari na mguu mmoja peku, mkewe nyuma yake. Mimi nilibaki nimesimama, nangoja mtu aniambie ahsante. Nilikuwa nimesema kweli. Nani mwingine alisema kweli siku ile?

Claudette aliacha kulia. Aliinuka kwa shida, kanga mabegani, akanijia karibu kabisa.

"Tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka. Aliniambia mtu waliyesoma naye."

"Jana ulivyokuwa unanipigia gauni pasi, ulikuwa unajua?"

"Nilikwambia usipande."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia nivae viatu vya chini." Akatazama miguu yake. Viatu havikuwepo tena. "Nduwayo anaongeza chumvi, dada, hilo nilijua toka siku ya kwanza, nani asiyejua? Wewe ndiye sikukujua."

Nikafungua mdomo nimjibu, na mimi jibu huwa halinikosi. Alikuwa ameshanipa mgongo. Alimshika Nduwayo mkono, yule aliyejaa matope, na hawakupanda kamyoneti. Walikwenda kwa miguu kuelekea barabara kubwa, peku wote wawili, taratibu, kwa sababu ya tumbo. Niliwaita mara moja. Halafu nikasema wakitaka kuchoka wachoke.

Siku ya pili nilipokuwa sokoni walikuja kuchukua vitu vyao, begi na beseni. Nikasikia wamepanga Kabuga, chumba kimoja, na Nduwayo anabeba matofali kwa mafundi. Boti ya Twagirayezu inaendeshwa na yule mvuvi aliyefungua koki, na watu wote wanakaa chini. Twagirayezu mwenyewe hakuja tena kula maharage. Asije. Mimi nilisema kweli, na nikirudishwa pale kwenye majani nitaisema tena, labda kwa sauti ndogo kidogo.

Chumba cha uani nimekiziba paa. Hakivuji. Nimekiacha wazi, simpangishi mtu.

Katikati ya mwezi wa kumi akaingia fundi mmoja wa baiskeli anayekuja mara moja moja, mtu wa Kabuga, hajui mambo yetu. Akaagiza chai na chapati, na kabla hajakaa akanipa mkono.

"Hongera, mama mkubwa! Nimesikia Claudette amejifungua. Msichana, eti?"

Mgahawa ulikuwa umejaa. Watu wakageuka, wengine wameshaanza kupiga makofi.

"Msichana," nikasema. "Nilikuwa huko juzi. Nimempakata mpaka mkono umekufa ganzi. Nywele nyingi hizo! Macho ya marehemu mama yetu, kabisa. Hataki kulala kwa mtu mwingine, ni kwangu tu."

"Mungu ni mwema. Na mmempa jina gani?"

Nikamwambia anywe chai, inapoa.